Ufunguo Usio na Mlango

"Mama Usafi, weka ndoo chini, njoo hapa."

Mkuu wa masjala ya zahanati alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Mama Usafi aliiweka ndoo nje ya mlango, akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama mbele ya meza. Kiti cha wageni kilikuwa wazi, lakini hakuambiwa akae, naye kwa miaka kumi na mmoja ya kudeki korido zile alikuwa amezoea kutoambiwa.

"Umeshinda," mkuu akasema.

"Nimeshinda nini?"

"Usaili. Watu saba waliitwa kutafuta mafaili kumi kwenye rafu. Yule aliyekufuata alitumia dakika arobaini. Wewe umetumia dakika sita." Hapo ndipo alipoinua macho. "Ulijuaje yalipo?"

"Si mimi ninayeyapangusa vumbi kila siku?"

Mkuu alitaka kucheka, akajizuia. "Basi kazi ya karani ni yako. Kimebaki cheti cha sekondari. Nakala moja hapa mezani kwangu, Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikipita hapo, namwita anayefuata kwenye orodha. Si mimi, ni utaratibu." Akasita kidogo. "Unacho lakini? Au ulijaza tu fomu?"

"Ninacho," alisema Mama Usafi, na masikio yakamwaka moto.

Anacho! Alikipata akiwa na miaka arobaini na sita, akisoma masomo ya jioni na watoto wa umri wa kitinda mimba wake, waliokuwa wakimwita bibi na kumwazima rula. Hesabu aliiponea chupuchupu, lakini aliiponea. Siku ile alideki korido mara mbili bila kujua, kwa furaha, na daktari mmoja akateleza.

Nyumbani alimkuta mumewe kibandani kwake. Kibanda chenyewe kiliegemea ukuta wa nyumba yao, na ndani yake kulining'inia funguo kila mahali: ukutani, mlangoni, hadi kwenye waya wa taa. Mtaa mzima ulimwita Fundi Funguo. Aliyepoteza ufunguo, aliyefungiwa nje na mkewe, aliyekatikiwa na ufunguo ndani ya kitasa, wote walikwenda kwake, na kila mmoja aliondoka na wosia uleule: chonga na wa akiba, ndugu yangu, mmoja hautoshi.

Alipoambiwa habari, Fundi alirusha tupa hewani, akaikosa ilipokuwa ikirudi, akamkumbatia mkewe hivyohivyo na vumbi la shaba mikononi.

"Karani! Mke wangu karani! Kuanzia leo nitakuwa nabisha hodi kabla ya kuingia."

"Acha wazimu. Nitolee cheti changu."

"Hilo tu? Dakika mbili."

Sasa, kuhusu cheti hicho. Mwaka uliotangulia paa lilivuja, maji yakaingia kwenye sanduku la bati ambalo Mama Usafi alitunzia karatasi zote za nyumba, na vyeti vikageuka uji. Alilia sana siku ile. Lakini Fundi alimtuliza kwa kujipiga kifua, kwa sababu miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameshavipeleka vyeti vyote kwa dada mmoja wa duka la kuchapa, akavipiga picha kwa mashine, akaviweka kwenye flashi. Na haikuwa flashi ya kawaida. Ilikuwa nene kama kidole gumba, ina vitufe vya namba juu yake na kitaa kidogo, na haifunguki mpaka ubonyeze namba ya siri yenye tarakimu sita. Ukikosea mara kumi, inajifuta yenyewe, yote, isibaki hata herufi. Fundi aliipenda flashi ile kupita kiasi. Alisema ni kufuli ya kwanza maishani mwake ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuivunja.

"Na nakala nyingine?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Nakala nyingine ni mlango mwingine," alijibu, "na mlango mwingine ni mwizi mwingine."

Hivi ndivyo alivyosema mtu aliyewachongea watu funguo za akiba kwa miaka ishirini na tano. Mkewe alimtazama, akaamua kuendelea kumenya viazi.

Dakika mbili zikawa ishirini. Mama Usafi alipika chai, akammiminia, akampelekea kibandani. Alimkuta amekaa juu ya kigoda, jasho linamtiririka, flashi mkononi, midomo inahesabu. Kitaa kikawaka chekundu.

"Hiyo ni ya ngapi?" akamuuliza.

Fundi aliendelea kukikodolea macho kile kitaa.

"Baba watoto, nakuuliza, hiyo ni ya ngapi?"

"Ya tisa."

Chai ilimwagika yenyewe. Mama Usafi aliipokonya flashi, akaitia kifuani, akaifunika kwa mkono kama mtu aliyeokoa kifaranga.

"Hukumbuki namba?"

"Sikuikariri."

"Hukui... kwa nini hukuikariri?"

"Kwa sababu namba unayoikumbuka ni namba ambayo mwizi anaweza kuikisia!" Fundi alisema kwa uchungu, kwa maana hata sasa aliona hoja ile ina nguvu. "Siku ya kuzaliwa, simu, mwaka wa ndoa, vyote wanavijua. Nikatupa dadu mara sita. Halafu nikazichonga zile namba kwenye ufunguo."

"Kwenye ufunguo?"

"Kila jino lina kina chake. Jino la kina kifupi ni moja, kirefu kabisa ni sita. Meno sita, namba sita. Mtu yeyote akiuona anaona ufunguo tu." Hata katika balaa lile hakuweza kuficha fahari. "Nami nikauficha mahali ambapo hakuna mwizi angefikiria kutafuta. Kwenye kopo la funguo yatima."

Funguo yatima ni zile ambazo hazina mwenyewe: zilizookotwa, zilizobaki baada ya kufuli kufa, na zile ambazo wateja waliagiza wasirudi kuzichukua. Zilijaa kopo kubwa la rangi lililokuwa limekaa chini ya meza tangu enzi na enzi.

"Nikakuta kopo halipo," Fundi akamalizia. "Nikaona nijaribu kukumbuka kwa vidole."

Mama Usafi alikaa chini polepole, juu ya tairi kuukuu. Wiki tatu zilizopita mumewe alisafiri siku mbili kwenda kufungua sefu ya ofisi moja, naye akaona amfanyie jambo la kumfurahisha: akafagia kibanda, akapangusa rafu, akatoa matakataka. Fundi aliporudi alisifu usafi ule kwa moyo wote, hana habari.

"Kopo nililigawa," akasema kwa sauti ndogo.

"Uligawa kopo langu?"

"Lilikuwa na kutu! Na mende!"

"Umemgawia nani?"

"Mwalimu wa chekechea. Alisema watoto hawana vyombo vya muziki."

Wakatazamana. Fundi alifungua mdomo amlaumu, akakumbuka namba tisa alizobonyeza. Mama Usafi alifungua mdomo ajitetee, akakumbuka kwamba hakuuliza. Ofisi ya mitihani ilikuwa na dirisha la kuomba cheti kipya, lakini kila mtu alijua dirisha lile huchukua miezi mitatu, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Kwa hiyo cheti changu," alisema Mama Usafi, "kinachezewa na watoto wa miaka minne."

"Ndiyo."

"Wanakipiga kama njuga."

Kitu fulani kikamponyoka kooni. Fundi alidhani mkewe analia, akamsogelea, kumbe anacheka, anacheka mpaka machozi, ameinamia flashi kifuani. Basi na yeye akashikwa. Jirani anayeuza mkaa alichungulia kuuliza kuna nini, akaambiwa kwamba Fundi Funguo amejifungia nje, na kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Watu watatu walipita kibandani kumuuliza kwa upole kama wamwitie fundi.

Alhamisi asubuhi Mama Usafi aliomba ruhusa zahanati. Msimamizi wa usafi alimpa nusu siku, akamwambia kwa kejeli kwamba makarani watarajiwa siku hizi hawadeki. Akaimeza hiyo nayo.

Chekechea ilikuwa chumba kimoja kipana chenye madirisha makubwa. Walipofika waliisikia kabla ya kuiona. Watoto thelathini na wawili walikuwa wamesimama duara, kila mmoja ana fungu la funguo zilizofungwa kwa uzi mwekundu, wanaruka na kuimba namba hadi kumi, na kila namba ina kishindo chake. Ilikuwa kelele ya ajabu na, kusema kweli, ilikuwa nzuri sana. Mama Usafi alijikuta anatikisa kichwa kwa mdundo. Fundi alisimama mlangoni ameshika masikio, akizitazama funguo zikigongana kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakichinjwa.

Mwalimu wa chekechea alisikiliza shida yao mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Funguo zipo zote," alisema. "Hapa hakitoki kitu, nahesabu mlangoni. Lakini siwezi kuwanyang'anya vyombo vyao ghafla hivi, watalia wote hapa. Mzee, kaa pale. Watakuletea mmoja mmoja."

Pale palikuwa kiti cha buluu cha urefu wa goti. Fundi alikaa, magoti yakamfika kidevuni, watoto wakapanga mstari. Wa kwanza alikuwa binti mmoja mwenye pengo, aliyeshika fungu lake kwa mikono miwili.

"Babu, umepoteza ufunguo?"

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Si wewe ndiye unayetengeneza funguo?"

"Ndiye mimi."

"Basi tengeneza mwingine."

Mwalimu na msaidizi wake waligeukia ukutani, mabega yakiwacheza. Fundi alifikiri atoe maelezo juu ya dadu na vina vya meno, akaona kwamba kila neno atakalosema litazidi kumzamisha.

"Huo ningepaswa kuutengeneza mapema," akasema. "Nipe fungu lako nione."

Zilikuwa funguo mia mbili na kumi na nne. Mama Usafi alikaa sakafuni pembeni yake, akifungua nyuzi na kuzifunga upya, ili kila mtoto arudi na fungu lake kamili. Fundi aliinua kila ufunguo kwenye mwanga wa dirisha.

"Unatafuta nini?" mkewe akauliza. "Namba zenyewe huzijui."

"Natafuta mikwaruzo. Ufunguo ukiingia kwenye kufuli hukwaruzwa kwa urefu, mistari imenyooka kabisa. Hawa watoto wamekwaruza ovyo, juu, chini, kila upande. Huo wetu haujawahi kuingia mlango wowote. Utakuwa na mikwaruzo ya watoto peke yake."

Mama Usafi alimtazama. Miaka ishirini na minane ya ndoa, na bado kulikuwa na wakati mtu huyu alimshangaza. Akauchukua ufunguo mmoja na yeye, akauinua kwenye mwanga, na kweli, mistari ile ilikuwepo, myembamba na iliyonyooka. Baada ya hapo wakagawana kazi.

Ilipofika saa tano walibaki na funguo tatu zisizowahi kuonja kufuli. Mbili kati ya hizo, Fundi alieleza, ni lazima ziwe za wateja walioagiza wasirudi. Akazipima vina kwa kipimo chake cha bati. Mmoja ulikuwa na meno matano, akautupilia mbali. Zikabaki mbili. Zote za shaba, zote meno sita, zote vina halali kuanzia moja hadi sita.

"Na tumebakiwa na nafasi moja," Mama Usafi akasema.

"Moja."

Watoto walikuwa wameanza tena kuimba. Fundi alizishika zile funguo mbili kiganjani, akazigeuza, akazigeuza tena. Uso wake ulikuwa umelegea.

"Sijui," akasema mwishowe. "Mke wangu, sijui. Nimekuharibia."

Hakuwa amewahi kusema maneno hayo, si kwa paa lililovuja, si kwa jambo lolote.  Mama Usafi aliiona meza ya masjala, rafu zake, mafaili anayoyajua kama vidole vyake, na mtu mwingine ameketi pale anatumia dakika arobaini. Akamwonea uchungu mumewe, akajionea uchungu mwenyewe, na katika hali ile akazichukua funguo zile mbili, bila sababu yoyote, akazipapasa kwa kidole gumba.

"Aa!" akatoa kidole. Tone dogo la damu lilikuwa limeota.

"Pole, umekatwa? Lete nione."

"Ngoja." Akapapasa ule mwingine. Ulikuwa laini kama kokoto. Akarudia wa kwanza, kwa uangalifu. Ulikwaruza. "Wewe. Ufunguo wa mteja ukishauchonga, unaufanya nini?"

"Nausugua msasa. Lazima. Utamtoboa mfuko."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja. Hata mtoto mdogo anajua hilo, ndiyo kumaliza kazi."

"Na mlango wa chooni kwetu, uliahidi kuupiga randa lini?"

Fundi alipepesa macho. "Hayo yanaingiaje hapa?"

"Bomba la jikoni linadondoka tangu mwaka juzi. Kabati langu halina mkono, nalifungua kwa kisu. Kitanda kina mguu wa tofali. Ya wateja unayamaliza, baba watoto. Ya nyumbani huyamalizi hata siku moja." Akauinua ule ufunguo uliomkata, na uso wake wote ukafunguka. "Huu haukusuguliwa. Huu ndio wetu!"

Mwalimu wa chekechea alipiga makofi. Fundi alitaka kukana, akatafuta hoja, akaikosa, akabaki anacheka kwa aibu kwenye kiti chake cha buluu, ambacho alipoinuka kiliinuka naye.

Walifanyia jambo lenyewe kwenye duka la kuchapa, kwa yule dada mwenye mashine. Fundi alisoma vina kutoka begani mwa ufunguo, karibu na kishikio, kwenda nchani, kimoja kimoja, na Mama Usafi alibonyeza. Nne. Moja. Sita. Sita. Mbili. Hapo alisimama kidogo, akavuta pumzi.

"Tano," Fundi akasema kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Tano?"

"Tano."

Akabonyeza. Kitaa kikafikiri, kisha kikawaka kijani.

Waliokuwa foleni wakisubiri kupiga picha za pasi hawakuelewa kwa nini mama mtu mzima aliyevaa aproni anaruka mle dukani huku ameshikana mikono na mzee mwenye tupa mfukoni, lakini wawili watatu walipiga makofi vilevile. Kwenye kioo cha kompyuta kilikuja cheti, safi, kimenyooka, kama siku alipokabidhiwa. Jina lake lote lilikuwepo, yale majina matatu ambayo zahanati haikuwahi kuyatumia. Mama Usafi alilisoma jina lile mara mbili.

"Nichapie nakala ngapi?" dada wa duka akauliza.

"Moja," Fundi akasema kwa mazoea.

Mkewe akageuka, akamwangalia tu. 

"Nne," Fundi akasema.

"Na utupie nyingine kwenye barua pepe yangu," alisema Mama Usafi, "na nyingine kwenye flashi ya pili, ya kawaida yenye namba ya siri, nitampa dada yangu akae nayo. Nyumba yetu ikivuja, yake haitavuja siku hiyohiyo. Na majina ya mafaili tuyabadilishe, haya siyaelewi. Hili linaitwaje? 'Picha mpya mpya mbili.' Nani ataikumbuka hii? Andika 'cheti, sekondari', na jina langu, na mwaka."

Alikaa kwenye kiti akapanga nyaraka zote za nyumba kwa nusu saa, vyeti huku, hati ya kiwanja kule, kadi za kliniki za watoto waliokwisha kuwa na watoto wao kwenye folda yao. Dada wa duka alimwuliza kama alisomea kazi hiyo. Mwishoni Fundi alisimama nyuma ya kompyuta mikono kiunoni, akagoma kuondoka mpaka alipoona kila kitu kimefutwa mle, na pipa la takataka la kompyuta nalo limemwagwa, na barua pepe ya mkewe imefungwa. Katika hilo mkewe alimuunga mkono.

Ijumaa saa nne asubuhi Mama Usafi aliingia masjala bila ndoo. Mkuu alikipokea cheti, akakisoma, akakirudia, akainua macho.

"Kumbe Kiswahili ulipata alama ya juu."

"Ndiyo."

"Jina lako zuri. Sikulijua." Akakohoa, akavuta kiti cha wageni kwa mguu wake. "Kaa basi. Utaanza Jumatatu."

Akakaa. Kilikuwa kiti cha kawaida cha plastiki, kimepasuka ubavuni, na kilimfinya. Hakujali hata kidogo.

Jumapili alasiri Fundi aliuyeyusha motoni ufunguo wa zamani kwa sababu watu wengi mno walikuwa wameshaujua, akamwita mkewe kibandani, akampa dadu. Safari hii alitupa yeye, mara sita, na Fundi akabadilisha namba ya flashi huku akimwonyesha namna ya kufanya. Kisha akachonga funguo mbili zinazofanana. Mmoja akautundika ukutani, kwenye msumari ambao wote wawili waliujua. Wa pili akaendelea nao. Mama Usafi alisimama akingoja, na kwa muda hakuelewa anachongoja, kwa sababu meno yote yalikuwa yameshakatwa na mumewe bado ameinama, anasugua. Alisugua kwa msasa mkali, akageuza, akasugua kwa ule laini, akapuliza vumbi, akaupapasa kwa shavu lake mwenyewe, akasugua tena kidogo pale penye jino la tatu.

"Wa akiba," akasema, akauweka kiganjani mwa mkewe.

Mama Usafi alipitisha kidole gumba, kile chenye kidonda. Haukumkwaruza popote.

"Na mlango wa chooni?" akauliza, macho yanamlengalenga.

"Jumatatu," Fundi akasema. "Ukirudi kazini, karani."